Posho ya Kapteni

Mwaka ule jeshi lilipompeleka mume wangu nje kulinda amani, aliyepandishwa cheo ni mimi. Yeye aliondoka Kapteni na huko akabaki Kapteni, kofia ileile, nyota zilezile. Mimi niliamka muuza mapazia wa Ngarenaro, na kabla jua halijazama nilikuwa Mama Kapteni. Muuza nyama ambaye siku zote alinipimia mifupa akaanza kunichagulia paja na kunifungia kwa karatasi mbili. Fundi cherehani wa chumba cha pili, mtu ambaye hakuwahi kunisalimia bila kununa, alinivutia kiti. Sikuwa nimefanya lolote la maana. Nilikuwa nimeolewa tu, tena ndoa yenyewe ilikuwa bado inanukia keki.

Nasema kweli, nilifurahia. Kuna watu wanaojifanya hawapendi kuheshimiwa, na mimi simo katika kundi hilo. Nilitembea kifua mbele kutoka dukani kwangu hadi kwenye kona ya wauza vipuri na kurudi, bila shughuli yoyote huko, ili tu nisalimiwe.

Jioni moja kabla hajaondoka, huku akikunja soksi zake mbili mbili kijeshi, mume wangu alinieleza mambo ya malipo kana kwamba anafundisha kuruti. Mshahara wake wa kawaida ungeendelea kuingia benki hapa Arusha, na kadi angeniachia. Juu ya mshahara kulikuwa na posho ya misheni, ya dola, iliyohesabiwa kwa kila siku ambayo angekuwa huko. Askari wanaokwenda na kikosi hupikiwa na kupewa pa kulala. Yeye alikuwa anakwenda peke yake kama ofisa wa makao makuu ya misheni, kwa hiyo chumba ajitafutie, chakula ajinunulie, vyote kutoka kwenye posho hiyohiyo.

"Nitakachobakiza ndicho chetu," alisema. "Nisipobakiza, hakuna."

Maneno hayo hayakuwahi kufika kwao. Kwao ni kijiji cha mteremko wa magharibi wa Meru, juu kidogo ya Olmotonyi, mahali ambapo watu hulima viazi na mahindi, hufuga ng'ombe na kondoo, na hupanga mambo yote makubwa baada ya ibada ya Jumapili. Kilichofika huko ni kwamba Kapteni analipwa dola kila siku. Aliyepeleka habari ni shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, na nilikuwepo alipoitoa mbele ya mama mkwe.

"Kila siku?" mama mkwe aliuliza. "Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, Yeyo," shemeji alijibu. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na katika nyumba ile hata majirani humwita hivyo.

"Hata akiwa amelala?"

"Analala analipwa, anaamka analipwa."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alikuwa amefuga tangu utoto wake, na hakuna ng'ombe aliyewahi kumlipa kwa kulala. Alianza kucheka taratibu, mabega yakamtikisika, shuka lake likamdondoka, na mwisho tulicheka wote watatu mpaka mbwa akaja kuchungulia mlangoni. Kwa wiki nzima baadaye, mtu akipiga miayo pale nyumbani, mama mkwe alimwuliza kama naye analipwa.

Haikuchukua muda posho ile ikawa imeshajenga nusu ya mlima. Mama mkwe alitaka tanki la maji la plastiki, lile jeusi kubwa, kama lililokuwa nje ya nyumba ya mwalimu mkuu, ambalo lilimkera kila alipopita. Shemeji alitaka pikipiki ya bodaboda. Kisha akaona bodaboda ni kujishusha kwa mdogo wa Kapteni, akahamia kwenye mashine ya kupasulia mbao. Shangazi wa mume wangu alitaka meno ya mbele. Mchungaji hakutaka chochote, ila alinikumbusha mara mbili kwamba bati za kanisa zimechoka. Wala hakuna aliyeniomba fedha. Walinisimulia tu, nyuso zimewaka, kama watu wanaosimuliana ndoto za usiku, na mimi badala ya kuwatuliza nikawa nachochea.

"Tanki moja la nini, Mama?" nilimwambia mama mkwe. "Yawe mawili. Moja la watu, moja la ng'ombe."

Na ningewatulizaje, ikiwa mimi mwenyewe nilikuwa nimepagawa? Tulikuwa na kiwanja Olasiti, na kila mume wangu alipotuma alichobakiza, kuta zilipanda. Zilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, nilikwenda mjini kununua misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi. Ukoo wake umeuza rangi na misumari katika mtaa uleule tangu enzi za babu yake. Nilikuwa nimeshafungiwa misumari yangu nilipoinua macho nikaiona taa ya vioo, ile ya kuning'inia, yenye vipande vingi vya vioo vinavyogongana vyenyewe kwa vyenyewe.

"Nyumba imefika wapi?" mzee aliuliza, alipoona nimesimama.

"Kwenye lenta."

"Umeme umevuta?"

"Bado."

"Paa je?"

"Paa bado."

"Sasa taa utaifunga wapi, mama? Kwenye mawingu?"

"Naweza kuilipia ukaniwekea."

"Naweza kukuwekea. Kuna wateja nimewawekea taa humu mpaka wamepata wajukuu."

Alisema hivyo huku akiivuta chini kwa mikono miwili kwa uangalifu mkubwa, na nikajua amenipata. Sikumwachia. Niliipakia kwenye bajaji, nikaipakata kama mtoto mchanga hadi Olasiti, nikamwamuru shemeji apande kwenye jukwaa la mafundi katikati ya kile kitakachokuwa sebule na kuinyanyua juu kwa mkono mmoja. Mimi niliketi chini kwenye mfuko wa saruji, nikakunja nne kama mgeni aliyealikwa. Jua la saa nne lilipita kwenye vile vioo na kumwaga madoadoa ya rangi kwenye matofali yasiyopigwa lipu, kwenye ndoo za zege, na kwenye kipara cha fundi mkuu. Mafundi waliacha kazi.

"Sogeza kulia kidogo," nilimwambia shemeji.

"Shemeji, mkono unakufa."

"Vumilia. Wageni hawajamaliza kula."

Nilimtumia mume wangu picha. Alijibu kwa neno moja, "Nzuri," kisha baadaye akauliza itawashwa lini. Nikamwandikia kwamba ni siku atakayorudi. Halafu nikakaa na simu mkononi, na kicheko chote kikaniisha. Maana ukiondoa tanki, meno ya shangazi na vioo, mimi nilimtaka mume wangu. Tulikuwa tumekaa pamoja miezi michache tu tangu harusi. Hatukuwa hata tumegombana kwa jambo la maana. Nilikuwa bado sijajua anapenda mayai yaliyokaangwa vipi, na jeshi likamchukua. Kila nilipokata pazia la nyumba ya mtu mwingine nilihesabu miezi kichwani, nikaona inapungua, nikafurahi upya.

Mwaka ulipokaribia kwisha, wakubwa wake huko walimwuliza kama angependa kuongezewa mwaka wa pili. Alituambia kwa simu siku ambayo nilikuwa kijijini, na simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mama mkwe hataki kusimuliwa mambo ya mwanawe, anataka ayasikie mwenyewe. Kabla sijavuta pumzi walishapiga makofi. Shangazi alishika mdomo. Shemeji alitoka nje mbio, nadhani kwenda kuitazama sehemu atakayoweka mashine.

Jioni ileile kikakaa kikao cha ukoo, na loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando, ikapikwa sufuria kubwa. Mama mkwe alizungumza kwa ufupi kuliko kawaida yake. Alisema Mungu amefungua mlango na si adabu kuufunga kabla ya watu kumaliza kuingia, kwa hiyo mwanawe aongeze mwaka. Wazee waliitikia. Mimi nilikuwa nimekaa na kina mama karibu na mlango, bakuli la loshoro mapajani, natabasamu mpaka mashavu yakauma. Mkwe mgeni hanyanyui mkono katika kikao cha namna hiyo kupinga neno la mama mwenye nyumba. Hakuna aliyenikataza kusema, ila kila mtu pale angeniona sijalelewa.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikampigia mume wangu.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" nilimwuliza.

"Nataka kurudi."

"Basi rudi."

"Mama ameshasema."

"Na mimi nasema rudi."

"Basi mwambie Mama."

Mtu huyu ameruka kutoka kwenye ndege akiwa na mwavuli mgongoni. Nimeiona picha. Nikamwuliza huko jeshini wanafundishwa nini hasa, akasema wanafundishwa mengi lakini hilo halimo. Kisha akaniambia kwamba jibu lake linasubiriwa Jumatatu asubuhi, na kwamba yeye hajawahi, tangu azaliwe, kumkatalia mama yake neno lolote alilolisema mbele ya watu.

Nilijaribu, nisionewe. Siku zile zilizobaki nilimfuata mama mkwe kila mahali nikitafuta pa kuanzia. Nilimsaidia kukamua, nikafungua mdomo, nikasema maziwa ni mazuri. Tulikwenda kuchimba viazi, nikamwita, "Mama," akaniitika, "Mwanangu," nikamwuliza kama ana chumvi. Shambani. Aliweka jembe chini, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumapili iliyotangulia Jumatatu hiyo ilikuwa ya mavuno. Katika makanisa yetu ya Kilutheri ya mlimani, watu hutoa walichonacho: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, parachichi, maziwa kwenye galoni, kuku aliyefungwa miguu. Vitu hivyo hupelekwa madhabahuni vikaombewa, na ibada ikiisha hunadiwa nje kwenye majani, fedha ikaingia kanisani. Anayenunua anaweza kupeleka nyumbani, anaweza kumzawadia mtu, au anaweza kusema "narudisha," basi kinanadiwa upya. Jambo moja tu haliruhusiwi, nalo ni mtu kuchukua tena alichokwishatoa. Akikitaka, akinunue kama wengine. Mzee mmoja aliwahi kutoa kikapu cha mihogo akasahau panga lake ndani yake. Ilibidi alinunue panga lake mwenyewe, na watu kwa roho mbaya ya furaha wakawa wanampandishia bei.

Asubuhi hiyo shemeji alikuja na wazo. Alisema si haki mnada wa mavuno upite na Kapteni hayupo, kwa hiyo Kapteni atakuwepo kwa simu, tena kwa picha. Mpaka siku hiyo tulikuwa tukizungumza naye kwa sauti tu, kwani mtandao wa chumbani kwake ulikuwa dhaifu na picha iligandaganda. Jumapili hiyo alikuwa zamu ofisini, kwenye mtandao wa wakubwa. Shemeji akafunga simu yangu kwenye kijiti cha kupigia picha, akainyanyua juu ya vichwa vya watu, na uso wa mume wangu ukajaa kioo kizima, pua kubwa mbele. Kina mama wakapiga vigelegele. Watoto wakapigiana kelele wakae kimya.

Mnadishaji wetu ni mzee wa kanisa aliyestaafu kufundisha chuo cha misitu, na husifia kila kitu kama anasifia mti. Alianza na jogoo. Alisema tazameni shina lake lilivyonyooka, tazameni lisivyo na fundo. Bei ikaanza kwa elfu kumi na tano, ikapanda hadi thelathini, na hapo sauti ya mume wangu ikatoka kwenye simu kwa nguvu zote.

"Ishirini."

"Kapteni anashuka bei," mnadishaji alisema, na watu wakaangua kicheko.

Hakuwa anashuka bei. Maneno yetu yalimfikia yamechelewa, na ya kwake yalitufikia yamechelewa zaidi. Shemeji akaninong'oneza kwamba nimsaidie mume wangu, nitaje mimi kwa niaba yake. Nikasema thelathini na tano. Punde simu ikasema arobaini. Nikadhani hakunisikia, nikasema hamsini ili amalizie hapo. Simu ikasema hamsini na tano, kwa hasira kidogo.

"Ni nani huyo anayenizidi?" mume wangu aliuliza kutoka nchi za watu.

"Ni mkeo," kanisa zima lilimjibu.

Nilicheka nikamshika mwanamke wa jirani begani ili nisianguke, na yeye alikuwa anamshika mwingine. Jogoo yule aliuzwa kwa bei ya mbuzi. Lilipomfikia hilo, mume wangu akasema narudisha, jogoo akanadiwa tena, akanunuliwa na mchungaji, ambaye naye alirudisha. Sijui jogoo huyo alilala wapi. Nilijua tu kwamba fedha inatoka mfukoni kwangu, na kwamba sijawahi kufurahia kufilisika kiasi hicho.

Ndipo akaletwa kondoo wa mama mkwe. Alikuwa dume, mweupe mwenye kichwa cheusi, aliyenoneshwa ndani kwa maganda ya viazi na pumba mpaka mkia ukawa mzito wa kumyumbisha. Mama mkwe alikuwa amemtoa huyu kwa makusudi. Alitaka mwanawe amnunue mbele ya watu wote, ijulikane. Mnadishaji alimzunguka kondoo kimya, akashindwa kupata mti wa kumfananisha naye, akasema tu, "Laki na nusu."

"Laki mbili," simu ilisema baada ya muda. Kisha ikasema, "Nionyesheni huyo kondoo. Halafu subirini, nimpe Mama heshima yake."

Kumbe alitaka kumpigia mama yake saluti, ya kijeshi kamili, mbele ya kanisa. Akaegemeza simu yake kwenye kitu, akarudi nyuma hatua chache, akasimama wima. Basi kwa mara ya kwanza mwaka ule tukamwona mzima, kutoka kofia hadi viatu.

Watu wengine waliendelea kucheka na kupiga makofi. Mimi niliacha. Shati la kombati lilimning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye henga. Mkanda ulizunguka kiuno na ncha yake ikapita mpaka ubavuni. Shingo yake, ambayo mimi naijua, ilikuwa imebaki mishipa. Mkono wa saluti ulikuwa juu, umenyooka vizuri sana, na chini yake ule uso ulikuwa unatabasamu.

Mama mkwe alimwomba shemeji kijiti. Aliisogeza simu karibu na macho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Unakula nini huko?" aliuliza.

Tulisubiri. "Nakula, Yeyo."

"Nini?"

"Maharage na mkate."

"Hiyo ni jioni. Mchana?"

"Ndiyo hayo ya mchana, Yeyo. Jioni huwa ninakunywa chai."

Mama mkwe aligeuka akanitazama mimi. Nikamwambia yale niliyoambiwa siku ya soksi: kwamba huko hapikiwi wala hapewi chumba, kwamba anakula kutoka kwenye posho hiyohiyo, na asichokula ndicho anachotutumia.

"Kwa hiyo tanki langu ni chakula chake," alisema mama mkwe.

Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani na kuona si ya haki. Akamrudishia shemeji kijiti, akatengeneza shuka lake, akanyanyua mkono.

"Laki mbili na nusu," alimwambia mnadishaji.

"Yeyo," mnadishaji alisema kwa upole, "huyu kondoo ni wako. Umemtoa wewe."

"Najua. Sasa namnunua."

Mume wangu hakuwa amesikia hayo. Alichosikia, kwa kuchelewa, ni kwamba kuna mtu amemzidi kwa kondoo wa mama yake, na damu ikamchemka.

"Laki tatu," simu ilisema.

"Tatu na nusu," mama mkwe akasema.

Shemeji alipiga kelele ndani ya simu kwamba nyamaza, ni mama, unashindana na mama, lakini kelele hizo zilikuwa bado njiani, na kabla hazijafika simu ikasema laki nne. Watu walianza kusogea, wanaume waliokuwa wameshaondoka wakarudi kutoka barabarani. Mnadishaji alijipangusa paji la uso.

"Yeyo, samahani," alisema. "Utalipa kwa nini?"

"Kapteni atalipa," mama mkwe alijibu. "Nne na nusu."

Kanisa zima lilianguka kwa kicheko. Sijui niseme vipi. Mchungaji alishika nguzo ya mlango. Kina mama wa kwaya walikaa chini na sare zao. Mtu mmoja anashindana na yeye mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe, apate kondoo wa kwao, na fedha yenyewe iko kwenye mkoba wangu, pande zote mbili. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, pua imejaa. Sikutaka mama mkwe anyamaze, ingawa kila alipotaja bei alikuwa anakula bati za Olasiti.

Mnadishaji alisema sheria haikatazi. Akanyanyua fimbo yake. Mama mkwe akaivuta simu kwa mara ya pili.

"Layoni," alisema, na kicheko kikakatika, maana hilo ni jina la mvulana anayechunga ndama, ambaye hajatiwa jandoni, na hakuna mtu duniani anayemwita Kapteni wa jeshi hivyo isipokuwa mmoja. "Nyamaza. Acha kutaja bei. Mtu unayeshindana naye ni mimi. Huyu kondoo ni wa supu, na wa kuinywa hiyo supu ni wewe. Ameshanona. Akikaa mwaka mwingine atakuwa mgumu, sitamhifadhi. Kesho wakubwa wako wakikuuliza, uwaambie mama yako amekataa."

Alilisema mbele ya watu wote, kama alivyosema lile la kwanza.

Picha iliganda. Mume wangu alibaki kwenye kioo, mdomo wazi, mkono umeishia katikati. Hatukujua kama ni mtandao au ni yeye. Fimbo ya mnadishaji ilikuwa hewani. Kondoo alikohoa. Nilifikiria wale wakubwa wa mataifa mbalimbali, wamekaa kwenye meza yao ndefu kesho asubuhi, wakielezwa kwamba mama amekataa.

Sauti ilikuja kabla ya picha. Ilikuwa ndogo na imekwaruza, na waliosikia ni sisi tuliokuwa karibu tu.

"Amesema ngapi?" mnadishaji aliuliza.

"Amesema anarudi," mama mkwe alijibu. "Gonga."

Akagonga mara tatu, na mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mkoba.